Kokoto za matumbawe na pH isiyoshuka: uchambuzi wa kisa cha bustani ya samaki na mboga Tegeta

Mfumo ninaouchambua hapa uko nyuma ya nyumba moja ya Tegeta, Dar es Salaam, kati ya ukuta wa uzio na banda la kuku lisilotumika tena. Mwenyewe ni mhasibu mstaafu, ambaye sote tunaomfahamu tunamwita Mzee, na aliujenga kwa mikono yake akisaidiwa na fundi bomba wa mtaani. Tangi la plastiki la lita 1,000, lile jeupe lenye kizimba cha chuma, ndilo la samaki. Tangi la pili la aina hiyo hiyo lilikatwa likatoa vitanda viwili vya kina cha sentimita 30, vikajazwa kokoto. Pampu iliyozamishwa kwenye tangi hupandisha maji vitandani, maji yakapita kati ya kokoto na mizizi, kisha yakarudi kwa samaki kwa saifoni, bomba linalovuta maji lenyewe kitanda kikijaa. Akwaponiki ya nyumbani haina mengi zaidi ya hayo: samaki hula na kutoa amonia, bakteria waliojishikiza kwenye kokoto huigeuza amonia kuwa nitriti na baadaye nitrati, mboga huinyonya nitrati kama mbolea, na maji hurudi yakiwa yamepungua sumu. Ukihesabu ya tangini pamoja na yanayokaa vitandani, maji yote ya mfumo huu ni kama lita 1,000.

Niliitwa mwishoni mwa Februari, mfumo ukiwa na miezi minne. Sato 60 waliopandikizwa wakiwa vifaranga walikuwa wamefikia wastani wa gramu 60 na walikuwa wachangamfu. Mtu akisogea tu na kopo la chakula, maji yalichemka. Shida ilikuwa juu, vitandani. Saladi na chainizi zilikuwa zimedumaa, na majani machanga ya katikati yalikuwa na rangi ya njano iliyoelekea weupe huku mishipa yake ikibaki kijani, kama ramani ya mito iliyochorwa kwenye karatasi iliyochujuka. Majani ya zamani, yaliyo chini, yalikuwa kijani kabisa. Tofauti hiyo ya majani ya juu na ya chini ina maana kubwa. Upungufu wa nitrojeni huanzia kwenye majani ya zamani, kwa kuwa mmea huihamisha nitrojeni kutoka kwa wazee kuwapelekea wachanga. Madini ya chuma hayahamishiki hivyo, kwa hiyo yakikosekana ni jani changa linaloumia kwanza. Nilimwambia Mzee kwamba mboga zake zina njaa ya chuma, na katika hilo sikukosea.

Nilikosea katika hatua iliyofuata. Kifaa changu chenye umbo la kalamu, cha kupimia pH, yaani uchachu wa maji, ambapo 7 ni katikati na namba ikipanda uchachu hupungua, kilisoma 8.3 kwenye tangi. Nilipomuuliza chanzo cha maji, Mzee alinijibu kwa uhakika wa mtu aliyezoea kukagua hesabu za wengine: "Mwanangu, maji ya kisima nimeyapima mwenyewe pale bombani. Ni saba nukta mbili. Maji hayana tatizo." Nikaenda bombani, nikapima, nikapata 7.2 kama alivyosema. Nikahitimisha kwamba pH ya tangi imepandishwa na mwani uliokuwa ukiota kwenye kuta zake, nikashauri tangi lifunikwe lisipigwe na jua, na nikamwachia pakiti ya chuma cha cheleti aina ya EDTA, ambacho ndicho kilichokuwa kwenye mkoba wangu. Mama mwenye nyumba, aliyekuwa akifua hatua chache kutoka tulipokuwa, alisema kwamba maji yale ya kisima hayatoi povu hata ukimaliza mche mzima wa sabuni, na kwamba nguo nyeupe yeye hazifulii ila kwa maji ya bomba la mtaa. Nilimsikia, nikatabasamu, nikaendelea na kalamu yangu. Nusu ya jibu la kisa hiki ilikuwa imeshatamkwa.

Kuhusu ile pakiti, cheleti ni kiungo kinachoishika chembe ya chuma ili isigande ikawa kutu majini, na viungo hivyo havina nguvu sawa. EDTA huanza kuiachia chuma pH inapopita takribani 6.5. DTPA huvumilia hadi karibu 7.5. EDDHA hustahimili hata pH ya 9. Kwenye maji ya 8.3, chuma nilichokileta kiligeuka tope la rangi ya kutu lililotuama kwenye sakafu ya tangi, na mboga hazikuambulia kitu.

Wiki mbili zikapita bila nafuu, Mzee akaamua kushughulika na namba yenyewe. Alikuwa amesikia kwamba maji yenye pH ya juu hurekebishwa kwa kitu kichachu, akamimina tangini lita moja ya siki ya dukani. Ndani ya dakika kumi kalamu yake ilisoma 7.1, naye akanipigia simu kwa furaha. Baada ya nusu saa alipiga tena: samaki wote walikuwa juu, midomo nje, wakihema. Asubuhi ya siku ya pili samaki wanne walikuwa wamekufa, waliobaki walikataa chakula kwa siku mbili, na pH ilikuwa imerudi 8.2 kana kwamba hakuna aliyegusa kitu.

Ni hapa kisa kilipoacha kuwa cha mboga kukosa chuma, na panastahili kuelezwa taratibu, kwa sababu wafugaji wengi wa mjini hupitia njia hii hii wakiwa na ndimu au siki mkononi. Maji ya kisima hubeba bikabonati, ambayo ni akiba inayomeza tindikali. Ukimimina siki, bikabonati huimeza na kutoa hewa ukaa, ile ile inayotoa mapovu kwenye soda. Kwa muda mfupi maji hujaa hewa ukaa. Hiyo ndiyo inayoshusha pH kwa ghafla, na ndiyo inayowafanya samaki wahangaike, kwa kuwa damu yao hushindwa kutoa hewa ukaa yake na uwezo wake wa kubeba oksijeni hupungua. Pampu ya hewa ikiendelea kupuliza, hewa ukaa huondoka na pH hupanda tena. Kuna jambo la pili ambalo halionekani kwa macho. Sehemu ya siki iliyobaki majini ni chakula cha bakteria, na bakteria wakishaila hurudisha ile ile bikabonati iliyokuwa imemezwa. Ndimu nayo mwisho wake ni huo. Mfugaji anayetumia tindikali za aina hii anakuwa amenunua usiku mmoja wa namba nzuri kwa bei ya kuwatesa samaki, na akiba ya bikabonati imebaki palepale.

Niliporudi mwishoni mwa Machi nilikuja na kichupa cha matone cha kupimia ugumu wa kabonati na kingine cha kupimia ugumu wa jumla. Vipimo hivi viwili huchanganywa mno. Ugumu wa jumla ni kiasi cha kalisi na magnesiamu, na ndio unaoinyima sabuni povu. Ugumu wa kabonati ni ile akiba ya kumeza tindikali. Katika maji yaliyopita kwenye mawe ya chokaa viwili hivi huenda pamoja, lakini anayeizuia pH isishuke ni huyu wa pili peke yake. Kalisi yenyewe haina ubaya, na mboga huihitaji. Kila tone katika kichupa changu lilikuwa digrii moja, na digrii moja ni sawa na miligramu 17.8 za kalisi kabonati kwa lita. Maji ya kisima yalibadilika rangi kwenye tone la 14, yaani karibu miligramu 250 kwa lita. Maji ya tangi yalibadilika kwenye tone la 15. Maji ya bomba, ambayo upande huu wa jiji hutoka Mto Ruvu kwa mtambo wa Ruvu Chini, yalibadilika kwenye tone la 3.

Kisha nikafanya kipimo nilichopaswa kukifanya siku ya kwanza. Nilijaza ndoo maji ya kisima, nikatumbukiza jiwe la hewa, nikaiacha ikipulizwa hadi kesho yake. Maji yaliyosoma 7.2 bombani yalisoma 8.4 kwenye ndoo, na ukingoni palikuwa na utando mweupe. Maji ya chini ya ardhi hukaa gizani yamebana hewa ukaa nyingi, na hewa hiyo huficha tabia yao halisi. Yakifika kwenye pampu na saifoni, hewa huponyoka na pH hupanda hadi mahali pake. Yeyote anayepima maji ya kisima wakati huo huo yanapotoka bombani anapima hewa iliyomo zaidi kuliko maji yenyewe. Mzee alikuwa amedanganywa na kipimo sahihi, nami nikadanganywa pamoja naye, ila mimi sikuwa na udhuru.

Kufikia hapo tungeweza kulilaumu tu kisima na kumaliza. Kilichonizuia ni daftari. Mzee huweka kumbukumbu zote kwenye kaunta buku yenye mistari aliyoichora kwa rula: gramu za chakula cha samaki kwa siku, ndoo za maji ya kujazia, vifo, pH asubuhi na jioni. Mwezi mzima wa Machi, ukiondoa zile siku mbili, samaki walikuwa wakila takribani gramu 100 kwa siku za chakula chenye protini ya asilimia 30, na ndoo moja na nusu, yaani lita 30, zilikuwa zikiongezwa kila siku kufidia yanayokauka na yanayonyonywa na mboga. Hakuna maji yaliyokuwa yakimwagwa. Nikamwomba tuifanye bikabonati kuwa fedha na tangi kuwa benki, naye akanisogezea kiti.

Akiba ya benki ilikuwa kama gramu 250. Mapato kutoka kisimani yalikuwa lita 30 mara miligramu 250, yaani gramu 7.5 kwa siku. Matumizi yako upande wa bakteria, kwa kuwa kazi yao ya kugeuza amonia kuwa nitrati huzalisha tindikali: kila gramu moja ya nitrojeni ya amonia inayogeuzwa hula zaidi kidogo ya gramu 7 za kalisi kabonati. Gramu 100 za chakula kile hutoa karibu gramu 2.8 za nitrojeni ya amonia, kwa hiyo matumizi ghafi ni kama gramu 20 kwa siku. Nikapunguza hesabu hadi nusu, kwa sababu amonia yenyewe inapotoka kwa samaki huongeza akiba. Mboga nazo hurejesha kiasi zinaponyonya nitrati, lakini hizi zilikuwa zimedumaa, na nitrati ilikuwa imejilimbikiza hadi rangi ya mwisho kwenye kadi ya kipimo, kwa hiyo fungu lao sikulihesabu. Hata kwa kadirio hilo la chini, kwa mwezi mmoja mfumo ulitumia gramu 300 na kupokea 225. Pengo la gramu 75 kwenye lita 1,000 ni digrii nne. Ugumu wa kabonati ulipaswa kuwa umeshuka kutoka 14 hadi karibu 10, nao ulikuwa umepanda hadi 15.

Mzee aliivua miwani, akasema, "Kuna mtu anaweka fedha kwenye akaunti hii bila kuandika."

Tukachukua kokoto tano kutoka kitandani, tukazisuuza, tukaziweka kwenye bakuli na kuzimwagia siki iliyobaki kwenye chupa. Ziliitika papo hapo. Kila jiwe lilivaa koti la mapovu madogo, na ukisogeza sikio ulisikia mchirizo mwembamba kama wa soda iliyofunguliwa karibuni. Zilikuwa kokoto nyeupe za Kunduchi, kirikuu mbili, zaidi ya tani moja, zilizonunuliwa kwa sababu ziko karibu na bei yake ni nafuu. Ukanda huu wote, kuanzia Kunduchi hadi Boko, umekalia miamba ya matumbawe ya kale ambayo ni kalisi kabonati, na kilima cha Wazo, ambacho chokaa yake inachimbwa kwa ajili ya saruji tangu miaka ya 1960, kinaonekana ukiwa juu ya paa la Mzee. Kwa kumwaga zege la kibaraza kokoto hizi zinafaa. Ndani ya akwaponiki ni ghala la kabonati ambalo kila tone la maji hulipitia mara nyingi kwa siku. Tena bakteria wanaozalisha tindikali huishi juu ya ngozi ya kokoto hizo hizo, kwa hiyo tindikali hulilamba jiwe kabla haijafika tangini. Rafiki mmoja wa Mzee alitoa rai kwamba tuvumilie tu, zitaisha nguvu. Tulipiga hesabu: hata kama zingeyeyuka gramu kumi na tano kila siku, tani moja ingechukua zaidi ya karne moja.

Swali la haki ni kwa nini tuhangaike, ikiwa sato wenyewe walikuwa wakikua. Sato huvumilia pH ya 8.3, ni kweli. Lakini amonia iliyomo majini ina sura mbili, moja yenye sumu kali na nyingine yenye sumu ndogo, na pH ndiyo inayoamua mgawanyo. Kwa maji ya nyuzi 28, ambayo ni kawaida ya Dar es Salaam, kwenye pH ya 7 sehemu yenye sumu haifiki asilimia moja ya amonia yote, kwenye 8.3 ni karibu asilimia 12. Siku pampu ikizimika kwa sababu ya umeme kukatika, au mtu akizidisha chakula, mfumo wa pH ya juu hauna nafasi ya kusamehe. Kwa upande wa mboga, mbali na chuma, pH hiyo huzifungia pia manganizi na fosforasi. Ndiyo maana wanaoendesha mifumo hii hulenga jirani ya 7, mahali ambapo samaki, bakteria na mboga kila mmoja hupata kinachomtosha ingawa hakuna anayepata anachokipenda zaidi.

Jirani mmoja alileta pendekezo la asidi ya betri, inayouzwa na fundi magari wa barabarani. Nililikataa bila mjadala. Asidi ile huunguza ngozi na macho, hakuna anayejua ina metali gani ndani yake, na juu ya yote kokoto zingeimeza kama zilivyomeza vingine. Maadamu mlango wa kabonati uko wazi, tindikali yoyote ni kuchota maji kwenye mtumbwi bila kuziba tundu.

Tuliamua kuziba matundu mawili kwa mpigo, kokoto na maji ya kujazia, huku mboga zikipewa chuma cha kuzishikiza. Nilitafuta EDDHA, nikaipata kwa taabu kwenye duka la pembejeo, tukapima gramu 33 za unga wenye asilimia 6 ya chuma ili tupate miligramu 2 kwa lita. Maji yaligeuka rangi ya juisi ya rozela, na mjukuu wa Mzee alikataa katakata kuamini kwamba samaki hawajachinjwa humo. Baada ya siku kumi hivi majani mapya yalianza kutoka yakiwa kijani. Niseme wazi kwamba mtu angeweza kuishia hapo: akabaki na kokoto zake, akanunua EDDHA kila baada ya wiki chache, akachunga amonia. Ni njia halali, ila ni ghali na haimpi mtu usingizi.

Kokoto mpya zilikuwa za Lugoba, zile nyeusi zenye mng'ao zinazotoka upande wa Chalinze. Safari hii Mzee aliingia kwa muuzaji akiwa na kichupa cha siki mfukoni, akaidondoshea kokoto moja mbele ya vijana wa kupakia, akangoja. Kimya, hakuna povu. Ndipo akatoa fedha. Tulibadilisha kitanda kimoja kwanza, wiki ya pili ya Aprili, na cha pili wiki sita baadaye, kwa sababu bakteria wote wanakaa kwenye kokoto, na kuzitoa zote siku moja ni kuwaua samaki kwa amonia kabla bakteria wapya hawajaenea.

Kwa maji, msimu ulituhurumia. Masika ilikuwa imeanza, na mvua ya milimita 10 juu ya paa la mita za mraba 40 huleta lita 400. Mzee alikinga mfereji wa paa kwa tangi la plastiki, akiyaacha maji ya mwanzo ya kila mvua yapite, kwa kuwa hubeba vumbi, kinyesi cha ndege na zinki ya bati. Nilisisitiza tangi la plastiki, maana alikuwa na karo kubwa la saruji aliloliona linafaa zaidi, na maji ya mvua yakilala kwenye saruji huanza kuila chokaa yake, mtu akajikuta amerudi alikotoka. Kila Jumamosi tulitoa lita 200 za maji ya tangi, zikamwagiliwa migomba, tukaweka za mvua taratibu ili pH isisogee zaidi ya sehemu chache za kumi kwa siku.

Wiki nne za kwanza zilikuwa ngumu kwa Mzee kuliko miezi yote iliyotangulia. Ugumu wa kabonati ulishuka vizuri: 15, 12, 10, 8. Lakini pH ilisoma 8.3, 8.2, 8.1, 8.0, na yeye alikuwa ameegemeza matumaini yake kwenye safu hiyo ya mwisho. Ilinibidi nichore kwenye kaunta buku. Kipimo cha pH, tangu mkemia wa Denmaki Sørensen alipokitunga mwaka 1909, huenda kwa kuzidisha mara kumi na si kwa kujumlisha. Kwa hiyo hewa ukaa isipobadilika, akiba ya bikabonati ikipungua kwa nusu, pH hushuka kwa 0.3 tu. Kutoka 15 hadi 8 ni nusu ya kwanza. Kutoka 8 hadi 4 ni nusu nyingine, 4 hadi 2 nyingine tena. Maji magumu hushuka polepole mwanzoni, kisha kadiri akiba inavyopungua ndivyo tone lile lile linavyozidi kuwa na uzito. Kuanzia hapo Mzee aliihamishia safu ya pH pembeni mwa ukurasa, akaupa ugumu wa kabonati nafasi ya katikati.

Kitanda cha pili kilipobadilishwa mwishoni mwa Mei mambo yalikwenda kama mchoro ulivyosema. Katikati ya Juni digrii zilikuwa 2 na pH 7.3, wiki moja baadaye pH ilikuwa 7.0. Saladi zilifunga vichwa kwa mara ya kwanza tangu mfumo uanze, na mchicha ukaanza kugawiwa majirani. Nikaaga, nikidhani kazi imekwisha, na hilo ndilo kosa langu la pili. Nilimwachia Mzee mfumo usio na chanzo chochote cha kabonati. Mvua ilikuwa imekwisha lakini tangi lake lilikuwa bado limejaa, naye, kwa nidhamu ile ile ya kihasibu, aliendelea kujazia maji ya mvua matupu. Samaki sasa walikuwa wakila gramu 140 kwa siku. Siku ya kumi na mbili alinipigia: pH 5.8, samaki hawali, amonia imefika miligramu 1 kwa lita. Kipimo cha matone kilibadilika rangi kwenye tone la kwanza kabisa, maana yake akaunti ilikuwa tupu. Bakteria, ambao kazi yao hulegea sana pH inaposhuka chini ya 6, walikuwa wamejichimbia shimo wenyewe kwa tindikali waliyoizalisha. Kilichowaokoa samaki ni kwamba kwenye pH hiyo amonia karibu yote iko katika ile sura isiyo na sumu kali. Kwa sababu hiyo hiyo, kuipandisha pH kwa haraka kungewaweka hatarini.

Tulisimamisha chakula siku tatu. Siku ya kwanza tuliingiza lita 50 za maji ya bomba, yaliyokuwa yamekaa wazi siku mbili ili klorini itoke. Siku ya pili 50 nyingine. Tukangoja amonia ishuke kabla ya kuongeza chochote. Kisha tukahitaji kitu cha kubaki ndani ya mfumo kikitoa kabonati kidogo kidogo, zaidi pH inapoelekea chini na kidogo inapopanda, na kinachorudisha pia kalisi ambayo maji ya mvua hayana. Nilianza kutaja vitu vya dukani, nikajikuta natazama njia ya miguu ya kwenda kwenye banda la kuku, ambayo Mzee alikuwa ameitandika kokoto zake za zamani.

Aliinama akaokota kilo mbili, akazisuuza, akazifunga kwenye mfuko wa wavu wa vitunguu na kuuning'iniza pale maji yanapoangukia kutoka vitandani. Mfuko huo bado upo. Ugumu wa kabonati ukipita digrii 4 anautoa na kuuanika juu ya uzio, ukifika 2 anaurudisha, na kila mara, kwenye safu ya mapato ya kaunta buku, anaandika kwa wino mwekundu: "Kunduchi, kilo 2."